Karatasi za Karanga

Adélaïde alikuwa amebakiza karanga chache mkononi alipoona jina la mumewe. Lilikuwa limepigwa chapa chini kabisa ya karatasi iliyofungia karanga, jina zima, na kando yake idara ya kodi. Akatema alizokuwa akitafuna.

Mji ulipopata wakubwa wapya, tangazo lilitoka: wafanyakazi wa kodi wa zamani wajitokeze. Kuna waliojitokeza, na wake zao bado wanawatafuta. Venant, mumewe, hakwenda. Alihamia mtaa wa Nyalukemba na familia yake, na huko watu wanamjua kama fundi wa redio. Kutoka kazi ile alibaki na mfuko wa karatasi za mshahara tu, kwa sababu ofisini waliwahi kumwambia: zitunze miaka kumi, la sivyo pensheni sahau. Akiba haiozi, wahenga walisema, lakini wahenga hao hawakuwahi kutunza karatasi kwenye mvua za Bukavu.

Juzi alimwambia mkewe azichome. Adélaïde aliona uchungu. Maharagwe yamepanda, makaa yamepanda, naye anaambiwa achome kitu ambacho Séraphine, muuza karanga wa soko la Nyawera, angekipokea kwa bakuli la karanga. Akakata vichwa vya karatasi vyenye jina, akachoma vichwa hivyo tu, zilizobaki akampelekea Séraphine. Watoto wakala, Lucie na wadogo zake. Hakujua kwamba serikali humwandika mtu juu na chini, isije ikampoteza siku ya kumhitaji.

Sasa aliiacha meza yake ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, akaenda kwa Séraphine.

"Maman Séraphine, ile makaratasi ingine iko wapi?"

"Nimeshauzisha, chérie. Iko muzuri, inashika karanga. Kumebaki hizi tu."

Adélaïde alizikusanya zote, na karanga zake, akazifunga kwenye kitenge.

"Uliuzishia nani?"

"Watu tu. Kuko papa moja alisoma yake mpaka chini, akauliza nani aliniletea."

"Ukamuambia nini?"

"Nikamuambia ni wewe, maman wa sambaza. Nikamuonyesha na njia ya kwako. Iko na adabu sana ule papa. Alisema atapita kusalimia."

Adélaïde hakurudi mezani kwake. Njia nzima alikuwa akiogopa, na kila aliyekutana naye anakula karanga alimtazama mkono kabla ya uso.

Venant alikuwa sebuleni, redio ya mtu imefunguliwa mbele yake. Adélaïde alimweleza yote. Venant hakumgombeza, na heri angemgombeza. Alichukua karatasi moja, akamwaga karanga mezani, akainyoosha gotini kwa kiganja.

"Hii ni ya Novemba," alisema. "Ule mwezi hawakunilipa. Walinipa karatasi tu."

"Papa Lucie, vaa viatu," Adélaïde alimwambia. "Toka na huku nyuma."

"Niende wapi?"

"Vaa kwanza."

Alivaa kimoja. Alikuwa ameinama anatafuta cha pili chini ya meza, na Adélaïde ameshashika komeo la mlango wa nyuma, sauti ya mwanaume ilipoita mbele, taratibu:

"Hodi."

Mdomo wa Adélaïde, uliofundishwa hivyo tangu utotoni, ukajibu kabla hajauzuia.

"Karibu."