Umekawia, Panzi

Sikukuu ile ilitukuta njiani. Timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ya chuo chetu ilikuwa inakwenda mashindanoni, nami, muuguzi wao, nilikuwa nimewaacha watoto wangu kwa wifi yangu, najipa moyo kwamba kazi ni kazi. Basi lilitushusha kwenye chuo kimoja kilichofungwa kwa likizo, tulale hapo siku mbili kwa ajili ya mechi ya kesho yake. Mabweni yalikuwa matupu, magodoro yamekunjwa.

"Haya, sikukuu njema," alisema kocha. "Anayetaka kulilia kwao alie sasa hivi. Saa nane mazoezi."

Mama mtunza bweni alitupokea mlangoni na rundo la mashuka. Alikuwa anagawa bila kumtazama mtu usoni, mpaka zamu ya Kijiti ilipofika. Mkono ukabaki hewani.

"Panzi," alisema taratibu. "Umekawia, mwanangu."

Wasichana wakaangua kicheko. Kijiti, aliyebandikwa jina hilo kwa wembamba wake, hakucheka. "Shikamoo, mama. Njia ilikuwa ndefu," alijibu, kisha akajiziba mdomo.

Nilimvuta kando. "Unamfahamu?"

"Hata kidogo, dada. Sijawahi kukanyaga hapa. Na maneno yale sijui yametoka wapi."

Korido ilikuwa na kiza. Sote tukawa tunapapasa ukuta kutafuta swichi. Yeye akaenda moja kwa moja nyuma ya kabati, akabonyeza, taa zikawaka. Jikoni alipoambiwa atafute upawa, alivuta droo ya tatu bila kugusa nyingine. Mzaha ukapungua. Chakula cha mchana tulikula kila mtu na lake moyoni.

Saa nane tuliingia ukumbini. Kijiti ni mtu wa mkono wa kulia, lakini siku ile alirusha kwa kushoto, na kila mpira uliingia. Mara mbili nilimwona akitoa pasi pembeni, mahali pasipo na mtu, na mara zote mbili mpira ulirudi kifuani mwake.

"Kapandwa na nini huyu?" Kocha alikuwa anasugua viganja kwa furaha. "Akicheza hivi kesho, kombe letu!"

Mimi nilikuwa nimemwona mama mtunza bweni amesimama mlangoni, anajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Nikamfuata.

"Mama, Panzi ni nani?"

"Alikuwa mchezaji wa hapa. Miaka ishirini na moja sasa. Sikukuu kama ya leo, timu ilibaki kufanya mazoezi. Akaruka, akarusha kwa kushoto, mpira ukaingia, naye akaanguka pale." Alinyoosha kidole chini ya goli la mbali. "Wakasema moyo. Mama yake alikuja kuuchukua mwili, mwenyewe akiwa na mimba kubwa."

Kijiti alikuwa anadundisha mpira kuelekea hapo hapo.

Sijui miguu yangu ilipata wapi mbio. Nilimdaka kabla hajaruka, nikamshika kifundo cha mkono. Mapigo matatu ya haraka. Kimya. Pigo moja zito. Kimya tena. Miaka kumi na minne nimeshika mikono ya wagonjwa, mkono ule sikuuachia.

"Kocha, huyu hachezi."

"Dada, unanitania?"

"Leo hachezi, kesho hachezi. Naomba dereva atupeleke hospitali."

"Bila yeye tutapigwa kama ngoma!"

"Mpigwe."

Daktari wa zamu aliikodolea macho karatasi ya mashine ya kupimia moyo. "Huu ni ugonjwa wa kuzaliwa nao," alisema. "Mmemuwahi. Angeendelea kurukaruka, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine."

Kijiti akampigia mama yake simu, tukasikiliza wote wawili. Yule mama alikuwa anachangamka na salamu za sikukuu, mpaka binti alipotaja jina la chuo.

"Nani amekwambia habari za dada yako?"

"Dada yupi, mama?"

Kesho yake timu ilipigwa, na ikapigwa vizuri. Jioni mama yake Kijiti alifika chuoni, akamkumbatia mwanawe, aliyekuwa ameruhusiwa kutoka hospitali asubuhi ile. Baadaye ndipo alipotamka: "Nilidhani nisipolitaja jina lake, kifo hakitaijua njia ya kwako."

Aliomba afunguliwe ukumbi, akaingia peke yake. Tukamngoja nje, mimi, Kijiti na kocha.

Tukasikia mpira unadunda.

Kocha alinigeukia. Mipira yote ilikuwa imefungiwa ndani ya basi, na funguo za basi alikuwa nazo yeye mkononi. Ndani, yule mama akacheka, kicheko cha mzazi anayezidiwa mchezo na mtoto.

Alitoka baada ya nusu saa, jasho limemlowesha gauni mgongoni, akauliza kama kuna maji ya kunywa.