Mkwe Aliyechuma Maua Yote

Mdogo wangu Noemí alikuwa na mimba ya miezi mitatu alipokuja kijijini na mumewe, Evaristo, kukaa nasi msimu wa mvua. Evaristo ni fundi saa, mzaliwa wa Puebla mjini. Shamba alikuwa halijui.

Noemí alikuwa hali kitu, kila chakula kilimtia kichefuchefu. Muuguzi wa zahanati akamwambia ajaribu maua ya maboga: ni mepesi tumboni, yana foleti ya kumjenga mtoto, kalsiamu ya mifupa na vitamini A.

"Hayo labda nitakula," Noemí alisema.

Evaristo akayaweka moyoni. Kesho yake alfajiri, maua ndiyo kwanza yanafunguka, akaingia shambani peke yake. Alirudi na ndoo mbili zimefurika, suruali imelowa umande mpaka magotini, anatabasamu.

Mama akachukua ua moja, akaligeuza. Chini yake palikuwa na kiboga kama kidole gumba.

"Mkwe wangu, hili ni jike."

"Kwani maua yana jike na dume, mama?"

"Tunachuma madume, yale ya kikonyo kirefu, na hayo nayo tunabakiza. Majike ndiyo maboga yenyewe. Hapa umeshavuna ya mwezi wa tisa, baba."

"Shemeji, na saa unazitengeneza hivyo hivyo?" nikamchokoza. "Unang'oa kila kinachong'aa?"

Masikio yalimwiva. Nikajuta kuchochea. Ndipo Noemí akatokea mlangoni, nywele timtim.

"Mama, nina njaa."

Neno hilo tulikuwa hatujalisikia kwa wiki tatu. Mama akafunga aproni.

Tulikaanga maua kwa vitunguu na pilipili mbichi, tukayakunjia na jibini ndani ya chapati za mahindi. Viboga vikaenda kwenye supu. Maua ya ndoo mbili hayangoji jioni, kwa hiyo tukaita majirani, wakaja na viti vyao.

"Kuleni, mkwe wangu kafyeka shamba zima," mama alimwambia kila aliyeingia, akicheka mpaka machozi.

Noemí alimaliza tano, akamnyang'anya mumewe ya kwake.

Mvua iliendelea, mimea ikachanua tena, lakini mwaka ule tulipata maboga kumi na moja tu. Mtoto alizaliwa mwezi wa kwanza, mnene, mwenye sauti kubwa. Siku hizi Evaristo ndiye mchumaji wetu wa maua. Mama bado humfuata nyuma.