Upande Ulioitwa Mzima

"Jeki ilizama kama kijiko kwenye uji," mkunga alisema. "Mtu aliyekuwa ananisaidia kubadilisha tairi akaruka nyuma, akaniuliza kama hili ni gari au boksi la biskuti."

Fundi hakucheka. Alikuwa amechuchumaa kando ya gari, uso wake karibu na shimo. Chini ya milango ya kushoto, pale bati linapokunjwa kuwa kizingiti kirefu chenye uwazi ndani, palikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Kingo zake zilikuwa zimechambuka kama maganda ya kitunguu. Rangi ya samawati iliyo juu yake bado ilikuwa inang'aa bila haya yoyote.

"Mvua za mwaka huu, mama," alisema. "Zimeharibu magari mengi."

"Mvua," mkunga alirudia. Alifungua mkoba, akatoa daftari jembamba lenye jalada la plastiki, akavaa miwani. Alikuwa amestaafu miaka tisa sasa, lakini tabia za kazi hazikustaafu naye. Gari lake lilikuwa na kumbukumbu kama mtoto wa kliniki, kila tiba na tarehe yake. "Mwezi mmoja kabla ya mvua," alisoma. "Fundi amegonga pande zote mbili. Kulia, mzima. Kushoto, mzima." Akavua miwani. "Kauli hiyo ni yako, si yangu. Na mimi si fundi, lakini ugonjwa wa kula hivi hauji kwa msimu mmoja."

Alisema kweli, na fundi aliujua ukweli huo kuliko yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, na kutu ya gari ndivyo ilivyo. Huanzia ndani, gizani, kwenye tope lililoziba matundu ya kutolea maji, na siku inapotoboa rangi ya nje huwa imeshashiba na inapangusa mdomo. Ndiyo maana watu walimletea fundi huyu magari yao ya zamani. Wengine walitazama, yeye alisikiliza. Alishika bisibisi upande wa chuma, akagonga bati kwa mpini, ko, ko, ko, kichwa amekiinamisha upande mmoja, na bati likamjibu. Lililo zima liliitika kwa sauti ya wazi iliyobaki hewani kidogo. Lililo bovu lilijibu kama mtu aliyejifunika blanketi hadi kichwani. Kwa kazi hiyo walimpa jina la Sikio, na watoto wake walikua wakiitwa watoto wa Sikio bila kukasirika.

Sasa ulikuwa mwaka wa pili Sikio hasikii sawasawa.

Haikuja kwa kishindo. Kwanza ndege waliacha kulia asubuhi, akadhani wamehama. Zikafuata kengele za baiskeli. Halafu siku moja aligonga mlango wa gari la mteja, bati zima na bati bovu vikamjibu sawasawa, naye akabaki ameduwaa na bisibisi yake mkononi. Hakumwambia mtu. Alijifunza kutazama midomo, kusema "ndiyo" na "bila shaka", na kutabasamu pale wenzake walipotabasamu. Magari aliyakadiria kwa umri na kwa uzoefu, na mara nyingi alipatia. Lakini aliogopa, tena aliogopa sana. Mafundi wa rangi walijaa kila mtaa, na wale wa puti pia, wanaojaza shimo, wanapiga msasa, kisha wanakurudishia ugonjwa wako ukiwa umepakwa poda. Yeye alichokuwa nacho ni lile sikio tu. Siku likijulikana limekwisha, hakujua angewaambia nini watu.

"Shimo hili ni juu yangu," alisema hatimaye. "Nitakata palipooza, nichomelee kipande cha bati. Hutalipa kitu."

"Sikuja kudai, fundi. Nimekuja kujua. Pensheni yangu haiwezi kulijenga gari upya, na wala sitaki gari la maonyesho. Nataka tu lisinifie mikononi. Sasa huo upande wa kulia nao uliuita mzima. Gonga nione."

Fundi alizunguka, akachuchumaa tena. Alianzia nyuma ya gurudumu la mbele, akaenda taratibu, macho ameyafumba nusu, kichwa upande, kama zamani. Kila mpini ulipogusa bati mtetemo mdogo ulimpanda mkononi, ila sauti haikuja. Alipofika gurudumu la nyuma alitulia kidogo, mfano wa mtu anayepima neno kabla ya kulitoa, kisha akageuka.

"Upo vizuri, mama."

Mkunga alikuwa anamtazama kwa namna ambayo hakuipenda.

"Nikiwa hapa nyuma yako nimekuuliza saa ngapi," alisema. "Hukujibu. Nikakuita mwizi. Hukujibu pia."

Papo hapo mlango wa nyumba iliyo nyuma ya karakana ulifunguka na sauti ikavuka ua mzima. "Baba! Chai inapoa! Na mgeni mpe kiti, amesimama tangu amefika!" Ilikuwa ni mkewe. Mshona viatu wa ng'ambo ya barabara aliinua kichwa, akacheka peke yake, akaendelea kushona. Mtaani walimwita mama huyo Spika. Walisema akikusalimia asubuhi huhitaji tena saa ya kukuamsha.

"Msamehe," fundi alisema. "Umri umemwongezea sauti."

Mkunga aliutazama ule mlango. "Binti yenu wa mwisho nilimpokea mimi, unakumbuka? Nilikuja kumchukua mkeo na gari hili hili."

"Nakumbuka, mama. Nitasahauje?"

"Uchungu wa usiku na mchana. Wanawake niliowazalisha wamenitukana, wamewatukana waume zao, mmoja alinizaba kofi la haja. Mkeo hakupandisha sauti hata mara moja. Ilibidi niiname nisikie anachoomba, kumbe anaomba maji." Alifunga daftari. "Mwanamke aliyezaa kwa kunong'ona, leo anatangaza chai kama yuko mnadani. Nimesimama hapa najiuliza, ni nini kimembadilisha huyu? Sasa naona hakubadilika yeye."

Fundi alitaka kusema "bila shaka", kisha akaacha. Aliitazama bisibisi iliyo mkononi. Miaka miwili. Alikuwa akidhani amejificha nyuma ya ukuta, kumbe ukuta wenyewe ni mkewe, na mtaa mzima ulikuwa ukimcheka mkewe kwa ajili yake. Mara moja, pale kwa mshona viatu, yeye mwenyewe aliwahi kucheka pamoja nao. Haya ilimpanda hadi machozi yakamlengalenga.

"Sisikii, mama," alisema. Hakuwahi kuyatamka maneno hayo hata akiwa peke yake. "Bati silisikii tena. Ule upande wako wa kushoto niliukisia tu."

Mkunga hakumkemea. "Mficha uchi hazai," alisema, "na mimi nimekaa kwenye kazi hiyo miaka arobaini. Haya, lete kigoda. Magoti yangu hayakunjiki tena."

Alifungua kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria, akapekua chini ya risiti na vitambaa, akatoa kile kifaa cha mti chenye umbo la tarumbeta fupi, kile wakunga wanachokiweka juu ya tumbo kusikiliza moyo wa mtoto. Kilikuwa kimeng'arishwa na viganja. Alikalia kigoda, akabandika mdomo mpana wa kifaa kwenye kizingiti cha kulia na ule mwembamba sikioni.

"Gonga."

Fundi aligonga.

"Hiyo ndiyo sauti ya uzima?"

"Mimi nitajuaje, mama?" Wote wawili wakacheka, na kicheko hicho kikampunguzia fundi uzito kifuani. "Ngoja. Nagonga kwanza mlangoni, juu, karibu na kioo. Hapo najua ni pazima, nilipaona kwa macho nilipofungua ngozi ya ndani ya mlango. Ishike hiyo sauti, halafu linganisha."

Wakaenda hivyo, upana wa vidole vitatu kwa vidole vitatu. Mkunga aliitikia kwa kichwa, "hapa panaimba, hapa panaimba," na fundi akaweka alama ya chaki. Shibiri moja kabla ya gurudumu la nyuma aliinua kidole. Wakarudia mara tatu, na mara zote tatu kidole kiliinuka mahali pale pale. "Hapa pamenuna," alisema.

Fundi alilala chali juu ya kipande cha boksi, akaingia chini ya gari. Tundu la kutolea maji, ambamo kwa kawaida ungeweza kuingiza penseli, lilikuwa limezibwa na tope pamoja na rangi nzito ambayo fundi mwingine aliipaka zamani kwa nia njema. Aliingiza waya, akauzungusha. Maji ya kahawia yalimchuruzikia kiganjani, yakiwa na magamba na mchanga na harufu ya misumari iliyolowa. Yalikuwa ni maji ya mvua zilizokwisha wiki nyingi zilizopita. Aliendelea kuzibua tundu kwa tundu, milango yote minne na vizingiti vyote viwili, mpaka kila mahali palipoingia maji pakawa na njia ya kuyatoa.

Kazi ilichukua siku tatu. Upande wa kushoto alikata bati bovu mpaka alipofika kwenye bati linaloshikika, akachomelea kipande kipya, akakisaga, akakipaka rangi ya kuzuia kutu pande zote alizoweza kufikia. Gari lilianikwa juani milango wazi, mazulia yake yakining'inia uani, na mkewe akalalamika kwa sauti kuu kwamba kamba zake za nguo zimegeuzwa gereji. Ndani ya vizingiti palipokauka kabisa, fundi alitayarisha dawa. Oili chafu hakuitaka. Wengi huipenda kwa kuwa ni ya bure, lakini ina uchafu ambao huko mbele unalila bati lenyewe. Alinunua oili mpya ya bei ya chini kabisa, akaongeza grisi na vipande vya mishumaa, akavitia kwenye kopo, na kopo akaliweka ndani ya sufuria ya maji ya moto aliyokwisha kuyaipua. Mchanganyiko ulipoyeyuka aliupuliza ndani kwa bomba lenye mpira mwembamba, akiusukuma mpira hadi mwisho na kuurudisha polepole. Dawa ilipoanza kudondoka kupitia matundu ya chini alijua imefika.

"Haitaondoa kutu," alimwambia mkunga siku ya tatu. "Itaibana pumzi. Kila mwaka kabla ya mvua tunarudia. Matundu utayazibua mwenyewe kwa waya, mara moja kwa mwezi, na raba za vioo zikipasuka uniambie mapema."

"Na gari litaishi?"

"Litazeeka taratibu."

"Basi hata sisi hatuombi zaidi ya hapo." Mkunga alifungua daftari juu ya boneti, akaandika huku akitamka. "Kulia, shibiri moja mbovu. Amegonga fundi, amesikiliza mkunga." Alikunja miwani, akamtazama usoni ili midomo yake ionekane vizuri. "Umeshamwambia mkeo?"

"Bado."

"Siku tatu, baba!"

Alipoondoka fundi alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akarudia mara ya pili, akajikuta anaanza ya tatu. Kisha akaingia ndani. Mkewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, anakunja nguo zilizokauka.

"Umechelewa leo!" alipaza sauti. "Maji ya kuoga yapo!"

Fundi aliketi mbele yake. Alichukua shati lake mwenyewe kutoka kwenye rundo, akajaribu kulikunja, likamshinda. "Mke wangu," alisema, "mimi sisikii. Tangu mwaka juzi."

Mikono ya mkewe ilisimama. Midomo yake ilisema, "Najua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unajificha kwa bidii sana!" alisema, bado kwa sauti ile kubwa. "Nikaona nisikuharibie!"

"Mtaani wanakuita Spika."

"Wananiita mbele yangu, baba! Na wewe kila jioni unaniona natafuna tangawizi, unafikiri naipenda? Ni koo!"

Fundi alilisogeza rundo la nguo pembeni, akajivuta kwenye mkeka mpaka magoti yao yakagusana, akamgeuzia sikio la kulia ambalo lilikuwa na unafuu kidogo. "Basi pumzika," alisema. "Niambie chochote, kwa sauti yako. Mimi nitakaa hapa hapa."

Mkewe alimwangalia, akaangalia mlango uliokuwa wazi, akamwangalia tena. Alianza, akakohoa, akaanza tena, na uso wake ukalegea kidogo kidogo kadiri alivyoendelea kuongea. Fundi aliitazama midomo yake kwa makini. Alilipata jina la binti yao, akapata neno kama maji au maua, yaliyobaki yakapita.

"Hapo sijapata," alisema, na mkewe akamsogelea, akaanza tena toka mwanzo.