Ombi la Kutua Nafasi ya Tano

Jumanne saa nne na dakika nane asubuhi, Kamanda Delbert Haskins alikuwa kwenye kahawa yake ya tatu, huko mnarani juu ya sitaha ambako kila mtu humwita Bosi, helikopta iliyozama siku ishirini kabla iliporudi.

Ilikuja kwa nyuma, upande wa kushoto wa meli, kama kanuni inavyotaka. Maji ya chumvi yalikuwa yanamiminika milangoni. Rubani, Luteni Teague, akaomba kutua nafasi ya tano kati ya zile zilizochorwa sitahani, akasema wako sita na mafuta ni ya dakika kumi na moja. Haskins akamwambia asubiri. Kisha akaweka kikombe chini na kumpigia simu nahodha, maana katika manuari ya Tolliver Ridge Bosi ndiye anayewasha taa ya kijani ya kutua, lakini nahodha ndiye anayeruhusu iwashwe.

Hata Jumatano ile ya ajali alikuwa amepiga. Siku hiyo sitahani kulikuwa na viti mia mbili, bendi, na manahodha wawili, mmoja anakabidhi meli na mwingine anaipokea. Teague alikuwa anarudi kabla ya wakati wake, upepo wa mbele umemlia mafuta. Afisa wa zamu alijibu kwamba nahodha wa zamani ameshatamka kuwa amekabidhi, na mpya bado hajatamka kuwa amepokea. Sasa amuulize nani? Viti vingeondolewa kwa dakika tatu. Kidole cha Haskins kilikuwa juu ya swichi ya taa, na Haskins akangoja mmoja wao awe nahodha. Bendi haikuacha kupiga hata helikopta ilipoingia baharini mita mia mbili nyuma ya meli. Ripoti ilisema rubani hakupima mafuta yake sawasawa. Haskins aliitia sahihi.

Pruett, huyo nahodha mpya, alisikiliza simu kwa utulivu. Hakuuliza helikopta imetokaje chini ya bahari. Aliuliza kama imo kwenye ratiba. Haikuwamo. Basi akaelekeza aulizwe mkuu wa askari wa nchi kavu, kwa kuwa helikopta ni zao, meli inazibeba tu. Mkuu huyo, luteni kanali, naye akajibu kwamba hiyo ameshaifuta kwenye orodha, bendera za maziko wameshapelekewa akina mama waliofiwa, na kitu kisicho chake hawezi kukiombea mahali. Dakika kumi na moja zikaisha. Teague akaomba radhi kwa usumbufu, akashuka majini palepale.

Kesho yake, saa nne na dakika nane, akarudi.

Kufika wiki ya pili watu wa sitaha walikuwa wanakaza kofia zao dakika tano kabla na kusogeza mitambo pembeni isiloe. Brenna Oyler, shati la njano, anayewaongoza marubani kwa ishara za mikono, ndiye aliyesimama mbele ya Teague kila siku, mikono ameinyoosha pembeni kumwambia aning'inie hapohapo.

"Bosi, namwona mpaka meno," aliita redioni. "Nimshushe?"

"Subiri."

"Kusubiri nimesubiri, Bosi. Hii mikono ikiisha nitaazima ya nani? Ya kwako ipo tu huko juu."

Haskins hakumkemea. Alijua kwamba mtu akishuka kutoka helikopta ile ataulizwa kilichotokea, na atakachosema si kile kilichomo kwenye ripoti. Pruett angeipoteza meli, na yeye, ambaye jina lake lilikuwa mbele ya bodi ya vyeo, angepoteza kila kitu. Alijua pia kwamba swichi haihitaji nguvu. Alijichukia kwa hilo, na alijichukia akiwa amekaa.

Siku ya kumi na sita akaukumbuka mpira wa mafuta. Helikopta inayoning'inia huweza kujazwa mafuta kwa mpira bila kugusa sitaha, na isipotua hakuna anayehesabiwa kuwa ameipokea. Ombi likapanda kwa luteni kanali, kwa nahodha, hadi kwa komodoro, mkubwa wa nahodha, likarudi na sahihi zote kabla ya chakula cha mchana.

Watu wa mafuta wakauleta mpira. Kutoka mlangoni ikashushwa kamba yenye ndoano, na mkono mweupe uliofura maji ukauvuta juu. Dakika kumi na moja zikapita, na helikopta haikuzama. Ikabaki hapo usiku na mchana, ikijazwa kila baada ya saa mbili, na kwenye ratiba ikaandikwa: nafasi ya tano, juu.

Pruett alimwandikia Haskins pongezi kwa ubunifu wake. Asubuhi pongezi hizo zilipobandikwa ubaoni, Teague akauita mnara.

"Bosi, tunashukuru. Lakini sisi hatukuomba mafuta. Tuliomba kutua."

Haskins akaitazama swichi. Karani wa mnara alikuwa ameshika kalamu, akingoja la kuandika.

"Nimekupata," Haskins akasema. "Subiri."