Barua ya Keziah Hebblethwaite

Nilipika miaka kumi na tisa katika nyumba kubwa ya kina Hebblethwaite, huku kwetu Yorkshire, na muda wote huo waliniita Bi Tordoff ingawa sijaolewa hata siku moja. Mpishi wa nyumba kama zile lazima awe "Bi", kama mke wa mtu, apende asipende. Mtumishi wa mezani aliitwa William. Mama yake alimbatiza Enoch, lakini mabwana walishazoea kumwita William yule aliyemtangulia, na hawakuona sababu ya kujichosha kujifunza jina jingine. Watu wasiojifunga viatu wenyewe, vichwa vyao vingebeba majina mangapi?

Na hilo lao lenyewe! Babu yao aliitwa Grubb, mchuuzi wa sufu. Alimwoa binti wa mwisho wa Hebblethwaite wa kilimani, na mkwe akamwachia nyumba kwa sharti moja: aache jina lake, achukue la mke. Akaomba kibali serikalini, akalala Grubb, akaamka Hebblethwaite. Kijijini tulijua sote, tukanyamaza, maana mkate wetu ulitoka kwao. Bwana Mkubwa, mjukuu wa Grubb, kila alipopata wageni wa mbali alitanua kifua: "Jina letu maana yake ni ngome ya mashujaa!"

Ngome! Hebblethwaite ni kiwanja kilichofyekwa kando ya daraja la ubao, basi. Ubao wenyewe upo mpaka leo pale kijitoni, na anayeubadilisha kila ukioza ni mzee Amos Hebblethwaite, kama baba yake na babu yake. Hao ndio wenye jina. Cha kuazima hakistiri matako, na mimi ya kina Grubb niliyaona miaka kumi na tisa.

Keziah ni binti wa Amos. Alisugua meko ya nyumba ile miaka saba akiitwa Keziah tu. Kisha mtumishi wa chumbani kwa Bibi Mkubwa akaolewa, na Keziah, fundi wa sindano, akapandishwa mahali pake. Mtumishi wa cheo hicho huitwa kwa jina la ukoo, kavukavu, na heshima yake ndiyo hiyo. Alikuwa ameingoja miaka yote saba.

Bibi Mkubwa alimwita siku nilipokuwa nimempelekea orodha ya vyakula.

"Siwezi kusimama ngazini nikipaza jina langu mwenyewe ili niletewe soksi," alisema. "Utaitwa Mills."

"Mills ni nani, Bibi Mkubwa?"

"Ni wewe."

"Mimi nina langu. Nimezaliwa nalo."

"Katika nyumba hii jina hilo lina wenyewe."

Keziah akatazama zulia. Mimi nikaikodolea macho orodha yangu, maana kicheko kilishafika kooni.

Tangu hapo, kengele ikilia alikwenda mbio. Akiitwa Mills, hakugeuka. Nikamketisha jikoni.

"We mtoto, jina halijazi tumbo. Itika tu, kibarua kisije kikaota nyasi."

"Bi Tordoff, wewe si Bi wa mtu yeyote, na unaitika."

"Naitika, na nakula."

"Ndiyo maana mimi sitaki kuanza."

Nilimkasirikia siku mbili nzima, kwa sababu alisema kweli.

Wiki ya tatu akafukuzwa. Alishapata kazi kwa Bibi Stansfield, ng'ambo ya mabonde mawili, ambako hakuna aliyewahi kusikia habari za Grubb. Lakini bila barua ya tabia kutoka nyumba ya kwanza hakuna atakayekupokea, na mzee Amos alikuwa kitandani akiugua kifua, anamtegemea yeye. Bibi Mkubwa akaandika: Mills ni mwaminifu, Mills ni msafi.

Keziah akairudisha. Hakupitia mlango wa nyuma. Alisimama katikati ya ukumbi wa mbele, amevaa koti, sanduku miguuni.

"Hii ni barua ya mtu mwingine, Bibi Mkubwa. Nikienda nayo nitaonekana nimeiiba."

"Chukua hiyo, ama uende mikono mitupu."

"Basi nitangoja hapa."

Nje magari ya farasi yalikuwa yanaingia langoni na wageni wa chakula cha mchana. Watu wale wangevumilia nyumba iungue, lakini si kubishana na mtumishi mbele ya wageni. Bibi Mkubwa akaandika upya amesimama, kalamu ikikwaruza.

Keziah alinionyesha barua jikoni kabla ya kuondoka. Juu, jina lake lilikuwa dogo kama sisimizi. Chini, sahihi ya Bibi Mkubwa ilijaza nusu ya karatasi. Hebblethwaite na Hebblethwaite, mkono mmoja.

Bibi Stansfield aliisoma hadi sahihi, akarudisha macho kwenye jina la juu, akasoma tena.

"Ninyi ni ndugu?" akamuuliza.

"Hapana, Bibi. Sisi ndio kina Hebblethwaite. Wale ni kina Grubb."

Alitakiwa aeleze, akaeleza, mpaka ubao wa kijitoni.

Krismasi ile Bibi Stansfield alialikwa kwetu. Nilikuwa namimina mchuzi wa bata bukini wakati William aliposhuka ngazi mbio na sinia tupu, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Bwana Mkubwa kaanza tena! Kasema, 'Jina letu maana yake…' Yule mama akaweka uma chini, akamuuliza taratibu kabisa, 'Lipi, la sasa au la babu yako?'"

"Akajibu nini?"

"Kaomba chumvi."

Nikamjazia sinia, nikampa. Juu kengele ilikuwa inalia kwa hasira.

"Nenda, Enoch," nikamwambia. Akasimama kwanza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwita hivyo katika nyumba ile.