Utepe kwenye Kamba ya Ng'ombe

"Madam, hii springi imejifunga kabisa," alisema Aloo, akiinua fundo la waya.

Nyanchera alikuwa amefuta ubao mara tatu, na haukuwa na kitu. Nyuma ya darasa, Bwana Obwocha, mwalimu mkuu, alikuwa ameshafungua daftari. Miaka sita Nyanchera amefundisha fizikia hapa Manga kwa mkataba wa muhula, na somo la leo ndilo lingeamua kama ataajiriwa moja kwa moja. Sasa, bila springi, mawimbi angeyaonyesha kwa kitu gani?

Akachomoa mkobani kamba mpya ya ng'ombe aliyoinunua sokoni, akafunga utepe mwekundu katikati, akampa Aloo ncha moja. Akatikisa. Wimbi likakimbia hadi kwa Aloo. Utepe ukapanda, ukashuka, ukabaki palepale.

"Wimbi limeenda. Utepe je?"

"Umecheza tu juu na chini, Madam."

"Sasa mawimbi ya sauti." Akawapanga wasichana kumi mstari mmoja, mikono mabegani. "Ukisukumwa, sogea mbele kidogo, halafu urudi."

Akamsukuma wa nyuma. Hakuna aliyerudi. Mstari mzima ulisonga mbele na Mong'ina, aliyekuwa wa kwanza, akagonga meza.

"Mbona hamrudi?"

"Madam, kwa foleni ya kuuza majani chai ukirudi umepoteza nafasi!" alisema Mong'ina. Darasa likaangua kicheko. Obwocha naye alicheka, kisha akaandika kitu. Nyanchera alitamani kumnyang'anya lile daftari.

"Chembe za hewa hazina majani ya kuuza. Tena!"

Safari hii msukumo ulipita, na kila msichana akarudi mahali pake.

"Na maji, Madam?" aliuliza Aloo, ambaye kwao ni ziwani. "Chupa tupu ikielea, wimbi likipita, huzunguka hapohapo."

"Ndiyo. Maji huzunguka."

"Kwa hivyo hakuna chembe inaenda mahali?"

"Nishati tu ndiyo huenda," alijibu, na jibu lake mwenyewe likamuuma: miaka sita, naye yuko palepale.

Kengele ikalia. Obwocha akafunga daftari. "Madam Nyanchera, tutakuita," alisema, akatoka. Hata mwaka jana alisema hivyohivyo, na mwaka huo Nyanchera aliketi tu kungoja.

Wasichana walikuwa bado mstarini. Mtukutu mmoja wa nyuma akasukuma tena; msukumo ukapita bega kwa bega hadi viganja vya Mong'ina vikagusa mgongo wa Nyanchera, aliyesimama mbele yake akiutazama mlango. Wote wakarudi nyuma. Nyanchera hakurudi.

"Bwana Obwocha, ngoja!" Alishatoka mlangoni, kamba mkononi, utepe mwekundu ukiburuta sakafuni nyuma yake.