Kamba Nyekundu za Bafuni

Mwaka wa 2014 Selipher alikuwa na miezi mitano tu Jeddah, akifanya usafi katika kituo kimoja cha tiba ya mazoezi katika mtaa wa Al-Rawdah. Wagonjwa walikuja pale wakitoka hospitali, wakakaa wiki tatu au nne kujifunza tena kutembea, kisha wakarudi kwao. Upande wa wanawake ulikuwa na vicheko vingi kuliko alivyotarajia, na vingi vilitoka chumba namba sita, kwa Bi Nunu.

Bi Nunu alikuwa Mzanzibari aliyefika Jeddah mwaka 1964 akiwa msichana. Sasa nyonga ilikuwa imevunjika na kuungwa, lakini ulimi ulikuwa mzima. Aligombana na wauguzi kwa Kiarabu, kisha akawasengenya kwa Kiswahili. Siku ya kwanza alipomsikia Selipher akiimba huku akipiga deki, alimwita.

"We mwana, watoka wapi?"

"Kakamega, Bibi."

"Sikujui huko. Njoo unihadithie."

Basi wakawa marafiki.

Sasa, kila bafu lilikuwa na kamba nyekundu ya kumwita muuguzi, inaning'inia karibu na sakafu. Ukipiga deki, inalowa. Ukiigusa kwa ufagio, kengele inalia na wauguzi wanakuja mbio. Selipher alifokewa kwa hilo mara mbili. Mara ya tatu hakungoja: alizikunja kamba zote akazifunga fundo zuri, juu, usawa wa bega lake. Mabafu yakapendeza. Hakuna aliyemkataza.

Jumanne asubuhi alisikia mtu akigonga ndoo. Alifungua mlango wa bafu la namba sita, akamkuta Bi Nunu ameketi sakafuni, kandambili mkononi, anaitazama kamba iliyomshinda kuifikia.

"Nimeita hadi sauti imekauka!"

Alipigwa picha. Mfupa ulikuwa mzima. Kilichobaki ni uvimbe na hasira. Msimamizi wa kituo, Usama, alishusha pumzi.

"Halas, yamekwisha. Hajavunjika, hakuna cha kuandika. Keshokutwa anakuja mkaguzi kutoka Riyadh, na daftari letu la ajali ni safi mwaka mzima."

Selipher alizifungua kamba zote siku hiyohiyo, mabafu kumi na manne. Bado moyo haukutulia. Jioni alipeleka chai namba sita, akasema yote, hata ya daftari na mkaguzi. Bi Nunu akaweka kikombe chini.

"Yaani nimekaa pale chini nikimlaani fundi, kumbe ni wewe!" Akacheka mpaka akashika nyonga. "Haya, kamwambie mkaguzi."

"Haki, Bibi, nitarudishwa nyumbani."

"Hebu nambie. Kuna mtu aliyekueleza ile kamba ni ya nini?"

Selipher alifikiri. Hakukuwa na mtu.

Mkaguzi, Rania, alikuja na viatu bapa na kalamu nyuma ya sikio. Alipekua daftari ukumbini, akakunja uso.

"Wagonjwa mia tatu kwa mwaka, wote wanajifunza kutembea, na hakuna hata mmoja aliyeanguka? Hapa mnatibu watu au malaika?"

Usama alitabasamu. Selipher alikuwa pembeni na ndoo yake. Akakusanya Kiarabu chake cha kuokoteza.

"Madam, mmoja ameanguka. Jumanne. Kamba nilifunga mimi."

"Yalla, nenda kazini," Usama akasema.

"Mwache aseme," Rania akajibu, na papo hapo sauti ya Bi Nunu ikatoka namba sita kwa Kiarabu kirefu. Selipher aliambulia jina lake tu, na neno bafu.

Rania alikwenda bafu la namba sita, akamwomba Selipher aifunge kamba vilevile. Kisha akaketi sakafuni na abaya lake, akanyoosha mkono. Hakuifikia. Akiwa bado chini, aliuliza kwa nini aliifunga, akaandika kila neno: inalowa, nafokewa, sikuelezwa. Halafu akampa Usama daftari aandike ajali ya kwanza ya mwaka mbele yake.

Kamba zilibadilishwa, zikaja za plastiki zinazofutika. Wafanya usafi waliingizwa kwenye mafunzo pamoja na wauguzi. Mwezi uliofuata daftari lilikuwa na watu kumi na mmoja waliojikwaa au kuteleza, na Usama nusura alie. Rania alipiga simu kutoka Riyadh: "Sasa nawaamini." Usama alimnunia Selipher wiki nzima, kisha akachoka kununa.

Bi Nunu aliondoka Alhamisi, wiki moja tu baada ya ukaguzi. Mwanawe, Vuai, alileta gari hadi mlangoni pamoja na kiti cha magurudumu, mama akakikataa. Alitoka kwa mkongojo wake wa miguu minne, Selipher nyuma yake, mkono mmoja hewani karibu na mgongo. Kwenye ngazi Bi Nunu akasimama.

"Usinishike."

"Sikushiki, Bibi."

"Lakini usende mbali."